Kumbukumbu ya Kifaa cha Wodi ya Wazazi: Kwa Nini Nafasi Itengwe Mapema

Namba 140 kwenye kioo cha kipima mapigo ya moyo wa mtoto tumboni humtuliza mkunga. Lakini programu ya kifaa ikikwama, 140 hiyohiyo inaweza kubaki kiooni ilhali mapigo halisi yameshuka hadi 90. Kwa mama aliyetoka Maganzo, jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui, kwenda kujifungua, tofauti hiyo ni uhai wa mtoto. Mara nyingine chanzo chake ni namna mbunifu alivyogawa kumbukumbu ya kifaa.

Vipima mapigo vya kielektroniki si vigeni mkoani Shinyanga. Mradi wa Safer Births Bundle of Care, uliofanyika katika vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, uliviunganisha na mafunzo ya mara kwa mara kazini. Vifaa vya namna hii huendeshwa na mikrokontrola, yaani kompyuta ndogo iliyobanwa katika chipu moja. Kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ni finyu: ATmega328P, chipu inayopendwa na wanafunzi wa ufundi, ina baiti 2,048 tu.

Programu inaweza kuomba nafasi inapoihitaji na kuirudisha baadaye. Kwenye kompyuta kubwa njia hiyo hufaa. Katika chipu ndogo huzaa mapengo. Ni kama benchi la kliniki ambalo watu wameondoka hapa na pale: nafasi nne zipo, lakini familia ya watu wanne wanaotaka kukaa pamoja haipati mahali. Wagonjwa huweza kusogezwa. Data haisogezwi kirahisi, kwa kuwa sehemu nyingine za programu huitafuta kwa anwani yake. Tena programu ikisahau kurudisha nafasi, kumbukumbu huvuja kidogo kidogo, na kifaa kilichofaulu majaribio ya saa moja hukwama siku ya tatu.

Kwa kifaa kinacholinda uhai, lililo salama ni kukadiria mahitaji ya juu kabisa na kutenga nafasi yote kabla kazi haijaanza. Mapigo ya dakika 30, kipimo kimoja kila sekunde, ni vipimo 1,800; kila kimoja kikichukua baiti 2, ni baiti 3,600. Baada ya hapo kipimo kipya hufuta cha zamani zaidi. Hesabu hiyo huonyesha mapema kwamba ATmega328P haitoshi, na mbunifu hulijua hilo mezani, si wodini. Gerard Holzmann wa NASA aliandika mwaka 2006 kanuni kumi za programu nyeti. Ya tatu hukataza kuomba kumbukumbu baada ya programu kumaliza kujiandaa. Gharama yake ni nafasi fulani kukaa bure, nayo ni nafuu.

Kutenga mapema hakuondoi kila kosa. Kioo nacho kifute namba iliyochakaa badala ya kuibakiza.

Namba isiyotikisika ikionekana, awe ni mama mwenyewe au ndugu aliyeiona, mkunga aitwe asikilize kwanza kwa fetoskopu, kisha kifaa kizimwe na kuwashwa. Kikipona, fundi wa vifaa tiba aandikiwe kilikuwa kimewashwa kwa saa ngapi. Hitilafu inayorudi baada ya muda unaokaribiana huweza kuwa dalili ya kumbukumbu inayovuja, na bila rekodi hiyo fundi atapima kifaa kilichotoka kuwashwa, akikute kizima.