Umerudi na Nini Kutoka Kwenye Shoo?



Huku kwetu, Masasi kule chini kwenye majabali na Newala huku juu uwandani, mwaka una mpangilio wake. Minada ya korosho ikianza mwezi wa kumi, hela inaonekana. Hela ikionekana, na wasanii wanaonekana. Gari la matangazo linazunguka na spika mbili juu, linataja jina la msanii, uwanja na kiingilio, na kwa wiki mbili mtaani hakuna stori nyingine. Waandaaji wanazijua hesabu hizi kuliko sisi. Wasafi Festival ya kwanza, Novemba 2018, haikuanzia Dar. Ilianzia Mtwara, Uwanja wa Nangwanda Sijaona, na mpaka leo wapo watu wanaoisimulia kama vile ilikuwa wiki jana.

Mimi nipo kwenye mwaka wa kichungaji, kwa hiyo Jumapili baada ya Misa nakaa sana na vijana wa VIWAWA. Agenda inasema "maandalizi ya hija", lakini kinachozungumzwa ni shoo. Nani alipanda jukwaani saa ngapi, nani alipiga laivu na nani aliweka CD akawa anafungua mdomo tu, nani alishuka hadi kwa mashabiki. Nimezisikiliza stori hizi kwa miezi kadhaa sasa. Naona ndani yake kuna somo, na tukilipuuza tutawapoteza vijana, au tutabaki nao kanisani huku wakitudanganya jana usiku walikuwa wapi.

Nina sababu ya kusema hivyo. Katika kigango kimoja, wanakwaya watatu walisimamishwa mwezi mzima kwa kuwa walionekana kwenye video ya shoo wakiruka na wenzao. Hakuna aliyewauliza walikuwa na nani, walirudi saa ngapi, wala walisikia nini. Mmoja wao, dada wa sauti ya pili, akanifuata: "Frateri, kwani kwenda shoo ni dhambi?" Nikamjibu kwamba hiyo ni sawa na kuuliza kama kwenda sokoni ni dhambi. Inategemea umenunua nini, na kama umelipa.

Nisieleweke vibaya. Kuna shoo ambazo maneno na uchezaji wake ni uchafu, na ukizijua mapema hakuna haja ya frateri kukuambia usiende. Kuna pombe, kuna kurudi saa tisa usiku na mtu uliyemfahamu saa tano. Mabinti wawili wameniambia wenyewe kwamba machozi yao yalianzia uwanjani. Hayo yanaitwa kwa majina yake. Lakini kumhukumu mtu kwa kumwona kwenye video ya sekunde thelathini si malezi.

Swali lenyewe ni la zamani hapa. Mapema karne iliyopita wamisionari Waanglikana wa Masasi walikutana na jando, lenye ngoma zake, nyimbo zake na usiku wake mrefu. Padre Vincent Lucas, ambaye mwaka 1926 akawa askofu wao wa kwanza wa Masasi, hakufunga mlango. Aliuliza wazee, akapembua, akabakiza yaliyofaa, akaweka sala mahali pa mambo ambayo Mkristo hawezi kuyabeba. Watu wanabishana hadi leo kama alipembua vizuri. Ila aliuliza kwanza.

Sasa tuzisikilize stori zenyewe. Neno la kwanza la shabiki ni "kaua!" Ukimwuliza kaua nini, anacheka. Halafu, kabla hujameza mate, inakuja hukumu: Harmonize kamzidi fulani, Diamond bado baba lao, Kiba ana sauti lakini hachezi. Huku kwetu Harmonize ana kura za nyumbani, maana ni mtoto wa Tandahimba, na jina la "Konde" ambalo mjini lilikuwa la kututania yeye akalifanya jina la lebo yake. Simlaumu mtu anayejisikia vizuri kwa hilo. Na mimi nilitabasamu.

Lakini fungua 1 Samweli 18. Daudi anarudi kutoka vitani, wanawake wanatoka mijini na matari, wanacheza, wanaimba. Ni shoo kabisa. Na wimbo wao ni wa kulinganisha: Sauli wanampa maelfu, Daudi wanampa makumi elfu. Hesabu ya nani kaua wengi! Kuanzia siku ile Sauli akamwangalia Daudi kwa jicho baya. Wale wanawake hawakukusudia ubaya, walikuwa wamefurahi tu. Furaha yao ilikuwa ya haki, kwa sababu watu walikuwa wameokoka. Kilichoingiza sumu ni mizani. Ndivyo ilivyo hata kwa mashabiki wetu: mtu alikuwa na usiku mzuri, lakini akifika kwenye kundi la WhatsApp usiku wote unageuka silaha ya kumchapia shabiki wa upande wa pili. Nimeona marafiki wa Komunyo ya Kwanza pamoja wameacha kusalimiana kwa sababu ya wasanii ambao hawawajui hata kwa sura.

Stori ya pili ni ya umati. "Frateri, mimi sikutaka hata kucheza, nilijikuta tu." Mtakatifu Agostino anasimulia jambo hilihili katika Maungamo, kitabu cha sita, kuhusu rafiki yake Alipio. Alipio alikuwa Roma akisoma sheria, na alichukia michezo ya watu kuuana uwanjani. Wenzake wakamburuta. Akasema mtaupeleka mwili wangu, roho haitakuwepo, akafumba macho. Kosa, anasema Agostino, ni kwamba hakuziba masikio. Umati ulipopiga kelele mara moja, akafumbua, na kuanzia hapo hakuwa tena mtu aliyeletwa. Akawa mmoja wa umati, na baadaye akawa anawaburuta wengine. Mtu huyu aliishia kuwa askofu, hivyo hatumtaji ili kumdharau. Shoo ya bongofleva si mauaji, tusitie chumvi. Ninachotaka mkione ni nguvu ya sikio. Mwenye kusema "mimi najijua, siwezi kubebwa" ndiye wa kwanza kubebwa. Kwa hiyo amua kabla hujalipa kiingilio: nakwenda na nani, narudi saa ngapi, narudi na nani. Ukishafika mbele ya spika umechelewa kuamua.

Stori ya tatu ndiyo inayonikosesha usingizi. Kijana mmoja, mtumishi wa altareni wa zamani, aliniambia bila kejeli yoyote: "Kule uwanjani nilijisikia niko hai. Watu wote tunaimba kitu kimoja, hatujuani, tumeshikana mabega. Kwenye Misa sijawahi."

Ningeweza kumjibu kwa haraka kwamba hisia si imani. Ni kweli, na kwenye mtihani ningepata maksi. Lakini asingerudi kuniambia kitu kingine tena. Badala yake nilimsimulia kisa cha Mtakatifu Inyasi wa Loyola.

Mwaka 1521 Inyasi alivunjwa mguu vitani huko Pamplona, akalazwa nyumbani miezi mingi. Akaomba vitabu vya hadithi za mashujaa wa vita na mapenzi. Havikuwepo. Akapewa maisha ya Kristo na ya watakatifu. Basi akawa analala pale anawaza kwa zamu: mara anajiona akifanya makubwa ili apate sifa kwa bibi fulani wa hadhi, mara anajiona akitembea miguu mitupu kwenda Yerusalemu kama angefanya Fransisko au Dominiko. Mawazo yote mawili yalikuwa matamu. Hapo ndipo watu wengi wanakosea, wakidhani kishawishi lazima kiwe kichungu. Tofauti aliiona baadaye. Yale ya kwanza yakiisha, yalimwacha mkavu. Yale ya pili yakiisha, furaha ilibaki. Ilimchukua muda kugundua hivyo, na kuanzia pale akajifunza kuzipambanua roho.

Nikamwambia yule kijana: usiniambie shoo ilikuwaje ikiwa inaendelea. Najua ilikuwa tamu. Niambie siku ya tatu ulikuwaje.

Wiki iliyofuata tukaliweka swali hilo mezani kwa kundi zima. Majibu yalinishangaza. Mmoja alisema siku ya tatu alikuwa na deni, maana alikopa hela ya kiingilio kwa kutegemea malipo ya korosho ambayo hayakuwa yametoka. Mwingine alisema alikuwa anarudia video zake na kila akirudia zinapungua utamu. Aligundua kwamba msanii alipokuwa mita kumi mbele yake, yeye alikuwa anaangalia kioo cha simu. Dada mmoja akanyamaza kwanza, kisha akasema kulikuwa na wimbo kuhusu mama, na siku ya tatu alimpigia mama yake aliyeko Tunduru, ambaye walikuwa hawajaongea tangu Pasaka.

Sasa hilo la mwisho mtaliwekaje? Mimi naliita tunda, na sioni haya kusema Roho Mtakatifu anaweza kupitia kipaza sauti cha mtu ambaye hakukusudia kuhubiri. Hata huko juu kabisa watu wema hawakuliona jambo hili kwa jicho moja. Septemba 1997, kwenye Kongamano la Ekaristi la kitaifa la Italia mjini Bologna, Bob Dylan aliimba mbele ya Papa Yohane Paulo II. Papa akauchukua wimbo mmoja wa Dylan unaotaja upepo, akawaambia vijana kwamba upepo wa kweli ni pumzi ya Roho. Kardinali Ratzinger, ambaye baadaye akawa Papa Benedikto XVI, aliandika kwamba yeye alikuwa na mashaka kama ilifaa kumwita mwimbaji wa namna ile. Ukisikia wazee wawili wa parokia wanabishana kuhusu shoo, usidhani mmoja lazima awe mpagani.

Lakini bado sijamjibu yule wa "kwenye Misa sijawahi". Jibu langu lina pande mbili, na upande mmoja unatuuma sisi. Angalia kinachotokea uwanjani: msanii ananyamaza, anaelekeza kipaza sauti kwa watu, uwanja mzima unaimba ubeti mpaka mwisho. Halafu njoo Jumapili. Kwaya imejifunza wimbo wa sauti nne miezi mitatu, hakuna mwamini anayeuweza, watu wamekunja mikono wanasikiliza. Kwa maneno mengine, shoo imekuja kanisani na ushiriki umebaki uwanjani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya liturujia ya Desemba 1963, uliomba kinyume chake: waamini washiriki kweli, na muziki wa watu wetu uheshimiwe. Mwaka huohuo Padre Stephen Mbunga, Mtanzania, alitoa kitabu kizima kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Na Misa Baba Yetu aliyoitunga ni kazi ya mtu aliyejua kwamba kwetu wimbo unaitikiwa, haukodolewi macho. Walimu wa kwaya, nawaheshimu, lakini wekeni hata nyimbo mbili zenye kiitikio ambacho bibi wa benchi la nyuma anakiweza.

Upande wa pili ni wake. Uwanjani alilipa, akapewa. Kwenye Misa haendi kupewa burudani; anakwenda kutoa, pamoja na Kristo anayejitoa. Mtu anayesimama nje chini ya mwembe hadi Komunyo, kisha akasema hakujisikia chochote, ni sawa na mtu aliyebaki kwenye maegesho ya bodaboda halafu akasema shoo ilikuwa mbovu. Alicheka, maana mwembe huo anaujua vizuri. Nikamwomba aingie ndani, akae mbele, aimbe hata kwa sauti mbaya, mwezi mmoja, kisha tuulizane siku ya tatu, yaani Jumatano. Mwezi haujaisha.

Jumapili ijayo tutasoma 2 Samweli 6, kuanzia aya ya 12, Daudi anacheza mbele ya Sanduku la Agano na Mikali mkewe anamtazama kutoka dirishani. Soma nyumbani, na andika kila mmoja alikuwa amesimama wapi. Mwenye video ya shoo aje nayo, ila aje pia na jibu la siku ya tatu.