Kuchunguza Uhai kwa Mwanga: Somo la Sayansi kwa Darasa la Tano

Mtoto atakaye kujua kilichomo ndani ya kitu hukipasua kwanza. Hatuna sababu ya kumlaumu, maana hata sisi walimu humpa mbegu ya haragwe aipasue darasani. Lakini vipo vitu ambavyo ukivipasua umevipoteza, na mwalimu wa Sayansi hana budi kuonyesha njia nyingine. Kwetu Mkuu zana zake si ghali: tochi, penseli na kuku anayeatamia.

Mwombe mzazi ruhusa mapema. Chagua mayai matatu yaliyoatamiwa siku 7, na moja lililotagwa siku hiyo, uyatie alama. Ziba madirisha kwa mablanketi. Funika mdomo wa tochi kwa karatasi nene yenye tundu dogo kuliko yai, kisha weka upande butu wa yai juu ya tundu hilo. Yai lisilo na kifaranga litang'aa lote. Lenye kifaranga litaonyesha doa jeusi na mishipa ya damu iliyotanda kama utando wa buibui. Fanya haraka, hasa mwezi Juni na Julai, kwani baridi ya mlimani haina huruma na kifaranga.

Hapa ndipo walimu wengi huliharibu somo. Hutangaza, "Hili zima, hili bovu," na wanafunzi huandika. Mwanga haukusema hivyo. Umeonyesha weusi na wekundu tu. Maana yake huijua yule aliyekwisha kulinganisha. Kwa hiyo tuanze na mayai ambayo habari zake zinajulikana, ndipo tutoe yai moja lisilojulikana, kila mwanafunzi aandike anachokisia na sababu yake. Kuku mwenyewe atajibu siku ya 21.

Wataalamu wa Ifakara, katika bonde la Kilombero, wamefuata mwendo huohuo kwa mbu. Anofelesi aliyemwuma mgonjwa wa malaria hawezi kuambukiza papo hapo. Vimelea huhitaji siku 10 hivi au zaidi kukomaa mwilini mwake. Basi mbu wa kuogopwa ni mbu mzee. Zamani umri wake ulikisiwa kwa kumpasua na kutazama mfuko wa mayai kwa hadubini, kazi ya kuchosha macho. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wao wa kumulika mbu kwa mwanga ulio jirani na wekundu, ambao jicho halioni. Chombo hupima ni kiasi gani cha kila aina ya mwanga huo kinachorudi. Upimaji huu huitwa spektroskopia. Lakini chombo hicho kilipewa kwanza mbu ambao umri wao ulijulikana, ndipo kikaweza kutenganisha walio chini ya siku 7 na waliozidi, kwa usahihi wa karibu asilimia 80. Wanafunzi waambiwe pia habari za hiyo asilimia 20 iliyobaki.

Mdadisi mmoja huenda akauliza kama binadamu naye hupimwa hivi. Mwambie abane tochi kwa kidole gizani: atauona wekundu, kwa kuwa damu humeza sehemu kubwa ya rangi nyingine. Kile kifaa kibanwacho kidoleni hospitalini hutumia tabia hiyo kupima oksijeni katika damu. Mwalimu naye ajue zaidi ya anachofundisha. Ndani ya uboho wa mifupa zimo seli shina, zinazozaa seli za damu. Seli iliyotiwa rangi au kupasuliwa ili ichunguzwe haifai tena kupewa mgonjwa. Kwa hiyo watafiti hujaribu kujua afya yake kwa mwanga peke yake. Mojawapo ya njia zao yatokana na ugunduzi wa C. V. Raman wa India, mwaka 1928, kwamba sehemu ndogo ya mwanga unaotawanywa na kitu hubadilika rangi kulingana na molekuli zake.

Kwa Darasa la Tano, yai na kidole vyatosha. Mayai yarudishwe kwa kuku saa ileile, na daftari la makisio litunzwe na kiranja kwa majuma mawili yaliyosalia.