Josh Gibson: Maswali Yanayonikera na Majibu Yake

Je, Josh Gibson, mdakaji wa besiboli wa ligi za weusi za Marekani, kweli alipiga homurani 800 (mipigo inayomzungusha mpigaji vituo vyote hadi nyumbani), au ni chumvi tu?

Wanaoshabikia 800 na wanaoibeza wote wanapotosha. Kibao chake katika Jumba la Umaarufu la besiboli, Cooperstown, kinataja karibu homurani 800, lakini kinajumlisha mechi za ligi na zile huru. Hesabu rasmi ya ligi haifiki 200. Hapo hakuna aliyedanganya. Ligi za weusi zilikuwa na ratiba fupi, na timu kama Homestead Grays zilizunguka mji hadi mji kutafuta mapato. Leo zilikutana na timu kali, kesho na vijana wa kiwandani, na mechi nyingi hazikuandikwa popote. Basi usiishindanishe 800 na 714 za Babe Ruth, gwiji mzungu wa ligi kuu, wala usimdharau Gibson kwa hesabu ndogo ya ligi. Tazama wastani wake wa kupiga: 0.372, yaani mipigo safi 372 katika kila nafasi 1,000. Takwimu za ligi za weusi zilipoingizwa rasmi katika za ligi kuu ya Marekani, Mei 2024, alimpita Ty Cobb, aliyekuwa akiongoza kwa wastani, na kushika nafasi ya kwanza.

Alikuwa mpigaji tu, udakaji hakuujua?

Uzushi. Mrushaji mashuhuri Walter Johnson alimsifu kwa wepesi wa kudaka na nguvu ya mkono. Roy Campanella, mdakaji aliyetwaa tuzo ya mchezaji bora mara tatu, alimweka Gibson juu yake.

Sheria gani ilimzuia kucheza ligi kuu?

Hakuna. Wenye timu walipatana kimyakimya kuwafungia weusi mlango.

Aliuawa na huzuni ya kutochaguliwa kuingia ligi kuu?

Acheni hadithi za majonzi. Mwaka 1943 aligunduliwa kuwa na uvimbe kwenye ubongo, na kiharusi kikamuua tarehe 20 Januari 1947, akiwa na miaka 35. Jackie Robinson, mweusi aliyeuvunja mwiko huo, aliingia ligi kuu Aprili mwaka huohuo. Ubaguzi ulimnyima haki yake. Hauhitaji kusingiziwa ugonjwa ili uonekane mbaya.

Marekani si ilimuenzi ipasavyo?

Ilimwingiza katika Jumba la Umaarufu mwaka 1972, huku kaburi lake Pittsburgh likiwa halina hata jiwe la jina. Jiwe liliwekwa 1975. Huo ni uzembe.

Tumwite "Babe Ruth mweusi"?

Hapana.