Kabla ya Kulipia Basi la Kisite, Uliza Mwezi

Kipeperushi kilikuwa na picha ya fungu la mchanga mweupe katikati ya bahari ya Kisite, watu wamesimama juu yake wakipunga mikono. Nikalipia ziara ya siku nzima kutoka Diani kwa ajili ya mchanga ule tu. Basi likatufikisha Shimoni, jahazi likatuchukua, na ilipopita saa nne asubuhi tukawa pale pale palipopigwa picha: maji matupu. Pomboo tuliwaona, sikatai. Mchanga je? Kijana wa kampuni akasema bahari haina ratiba.

Chakula cha mchana kilikuwa Wasini. Kaa walikuwa watamu, ila mimi nimenuna. Nahodha wetu, mzee wa Kivumba, akaja kuketi karibu.

"Mwanangu, leo mwezi ngapi?"

Nikamtajia tarehe.

"Si hiyo. Mwezi wa Kiislamu."

Mwenzangu akapekua simu: mwezi nane, yaani siku ya nane tangu mwezi kuandama. Mzee akacheka. "Sasa huo mchanga ungeuona wapi? Haya ni maji mafu, tena saa hizo yamejaa. Bahari ina ratiba, mwanangu. Wanaouza tiketi ndio hawaisomi."

Akanieleza, na hesabu yake ndiyo ninayotumia hadi leo. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ikipita mita 3. Siku hizo, yaani kuanzia mwezi mosi na mwezi 15, pwani hii maji hupwa kuelekea saa tano mchana, wakati majahazi ya watalii yako Kisite. Kila siku inayofuata yanachelewa kwa dakika 50 hivi. Ukifika mwezi nane au 22 mambo yamegeuka: saa tano ndiyo kujaa, na hata yakipwa jioni hayaendi mbali. Kwa hiyo chagua siku kati ya mwezi mosi na wa tatu, au 15 na 17. Muuzaji akikwambia siku zote ni sawa, mwulize leo mwezi ngapi umtazame usoni.

Mengine ni mepesi. Uliza kama ada ya hifadhi imo kwenye bei, maana "kila kitu kimo" ya wauzaji wa ufukweni ina matobo. Msimu wa kusi, hasa Juni na Julai, mawimbi yatakutapisha, ngoja kaskazi. Kwenye basi keti upande wa dereva: asubuhi mkielekea kusini jua liko kushoto, alasiri mkirudi liko kushoto vilevile. Usihofie kukosa mandhari. Barabara ya Lunga Lunga haionyeshi bahari. Utaona minazi, mikorosho na, ukipita Msambweni, miwa ya Ramisi.

Nilirudi mwezi 16, kwa kampuni nyingine iliyokubali kusimama Gazi, ambako akina mama wana njia ya mbao ndani ya mikoko. Ni kijiji hicho hicho kinachouza hewa ya ukaa kupitia mradi wa Mikoko Pamoja tangu miaka ya 2010. Nilitaka kuandika hatua za kupanga kusimama huko Gazi, lakini ukweli ni kwamba nilimbembeleza dereva tangu Ukunda mpaka akachoka. Kisite tulikuta mchanga umetoka, mpana, na kundi la kampuni yangu ya zamani limeshatangulia kupiga picha za kipeperushi kipya.