KUFUNDISHA UWIANO KWA MENO YA DIFU

Utangulizi

Wanachuo wengi wanapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha huiogopa mada ya uwiano. Kanuni wanaijua, na ubaoni huiandika bila kosa. Lakini mwanafunzi akiuliza uwiano huo una kazi gani, jibu huwa halipo. Katika makala haya twakusudia kueleza njia moja ya kuifundisha mada hiyo katika madarasa ya juu ya shule ya msingi, kwa kutumia kazi ya kubadilisha gia za difu katika ekseli ya nyuma ya Land Rover ya zamani. Tutaeleza pia kosa tulilolifanya sisi wenyewe, ili wenzetu wasilirudie.

Kwa nini difu?

Mwanafunzi anayesoma jirani na viwanja vya Mnazi Mmoja akivuka Mtaa wa Lumumba huingia Kariakoo. Na akiendelea kuelekea Gerezani hukuta maduka ya vipuri, au spea kama ziitwavyo mitaani, pamoja na mafundi wanaofungua magari kando ya barabara. Waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967 ulitutaka tusiitenge shule na maisha ya watu. Mwalimu wa eneo hili hana haja ya kutafuta mbali: hisabati imelala juu ya turubai, imepakwa grisi.

Wala gari lenyewe halijasahauliwa. Land Rover Series III iliacha kutengenezwa mwaka 1985, lakini Oktoba 2024 magari ya Land Rover zaidi ya 1,000 yaliandamana mjini Arusha, na mengi kati yake yalikuwa ya zamani.

Mambo ambayo mwalimu hana budi kuyajua

Injini huzungusha shafti ndefu inayopita chini ya gari. Mwisho wa shafti hiyo pana gia ndogo iitwayo pinioni, nayo huzungusha gia kubwa iitwayo krauni. Krauni ndiyo inayopeleka mzunguko kwenye shafti mbili za pembeni hadi magurudumuni. Ndani yake mna gia nyingine ndogo zinazoliruhusu gurudumu la nje ya kona lizunguke zaidi kuliko la ndani.

Katika Land Rover hiyo krauni ina meno 47 na pinioni meno 10. Kwa hiyo shafti huzunguka mara 4.7 ili gurudumu lizunguke mara 1. Katika Range Rover, iliyoanza kuuzwa mwaka 1970, krauni ina meno 46 na pinioni 13, yaani 3.54 kwa 1. Katika Land Rover fupi, ya inchi 88, difu ya Range Rover huingia katika ekseli bila taabu kubwa. Ndiyo maana mwenye gari anayechoshwa na kelele za injini safarini hutafuta difu hiyo.

Kazi yenyewe kwa ufupi ni hii: gari huwekwa juu ya stendi imara, oili humwagwa, shafti za pembeni huvutwa, shafti ndefu hufunguliwa, kisha nati zinazoishika difu hulegezwa nayo hutolewa nzima. Krauni na pinioni huwa jozi moja iliyosagwa pamoja kiwandani. Fundi mwangalifu hachukui krauni ya jozi hii na pinioni ya jozi ile.

Hatua za somo

Hatua ya kwanza: kutoka kinachojulikana. Geuza baiskeli juu chini mbele ya darasa. Funga uzi mwekundu kwenye spoku moja ya gurudumu la nyuma. Mwanafunzi mmoja azungushe pedali mara 1, wenzake wahesabu mizunguko ya gurudumu. Kisha wahesabu meno ya gia zote mbili na kugawanya. Yakiwa 48 na 16, jibu ni 3 kwa hesabu na 3 kwa macho. Usiandike kanuni yoyote kabla ya hapo.

Hatua ya pili: kuhesabu meno ya difu. Omba krauni na pinioni chakavu kwa fundi, uzisafishe, uzilete darasani. Kila kundi lihesabu likianzia kwenye alama ya chaki, kwani asiyeweka alama hurudia jino. Waulize kama 47 na 10, au 46 na 13, zina kigawo cha shirika zaidi ya 1. Hazina. Kwa sababu hiyo kila jino la pinioni hukutana kwa zamu na kila jino la krauni, na meno huchakaa kwa usawa.

Hatua ya tatu: kulinganisha. Shafti ikizunguka mara 470, difu ya kwanza huzungusha gurudumu mara 100, na ya pili karibu mara 133. Wanafunzi watagundua wenyewe kwamba mwendo umeongezeka kwa karibu theluthi moja.

Kosa letu

Hapa ndipo tulipokosea katika mazoezi yetu ya kufundisha. Tulipofika kwenye hiyo theluthi tulitangaza kwa furaha kwamba gari sasa "lina nguvu zaidi". Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, injini ni ileile na petroli ni ileile. Hizo nguvu zimetoka wapi?"

Hatukuwa na jibu. Tulisema tutalieleza kesho, na jioni tukaenda kwa mzee mmoja fundi tukamwuliza. Aliendelea kufuta mikono kwa tambara, kisha akasema: "Mwalimu, hazikutoka popote. Ulichokipata kwenye mwendo utakilipa mlimani."

Tukarudi kwenye karatasi. Mwendo umezidishwa kwa karibu 4/3. Msukumo wa magurudumu umezidishwa kwa karibu 3/4. Na 4/3 mara 3/4 ni 1. Gari litakwenda kwa utulivu zaidi katika tambarare, lakini likipanda Kitonga na mzigo dereva atashuka gia mapema. Kesho yake tulianza somo kwa kukiri kwamba tulikosea, tukamtaja binti yule kuwa ndiye aliyetusahihisha. Darasa halikutudharau. Tangu siku hiyo maswali yaliongezeka.

Hesabu inayolinda maisha

Kuna jambo la nne ambalo somo lisiishe bila kulifikia. Spidomita ya Land Rover hiyo hupata mzunguko wake kabla ya difu. Difu ikibadilishwa, spidomita haina habari. Ikionyesha kilomita 60 kwa saa, gari linakwenda karibu 80. Dereva anayeamini kwamba ameshika kikomo cha 50 katika makazi ya watu anapita mbele ya shule kwa 66. Waache wanafunzi wakokotoe wenyewe, kisha nyamaza kidogo. Hawatauliza tena uwiano una kazi gani.

Vivyo hivyo, fundi akibadilisha difu ya nyuma peke yake na kuiacha ya mbele, siku dereva atakapounganisha magurudumu yote manne, ya mbele na ya nyuma yatavutana, na shafti au gia huweza kuvunjika. Uwiano wa mbele na wa nyuma sharti ulingane.

Tahadhari

Mkienda kutazama kazi kwa fundi, wanafunzi wasimame mbali na gari lililoinuliwa. Breki ya mkono ya Land Rover hiyo hushika shafti ndefu, haishiki magurudumu. Gurudumu moja la nyuma likiinuliwa, difu huliruhusu lile lililobaki chini kubingirika hata kama breki imevutwa. Kwa hiyo kigingi cha mbao au jiwe chini ya tairi ni lazima.

Hitimisho

Tumeona kwamba kifaa kimoja chaweza kubeba uwiano, sehemu, vigawo na usalama barabarani. Lakini kifaa hakimfundishi mtu peke yake. Mwalimu aliyehesabu meno kwa mkono wake, na aliye tayari kusema "nilikosea", ndiye atakayefaulu.

Maswali ya kujadili

1. Spidomita inaonyesha 45 baada ya difu kubadilishwa kama ilivyoelezwa. Gari linakwenda kasi gani?
2. Andika andalio la somo la dakika 40 kwa hatua ya kwanza na ya pili.
3. Katika eneo la shule yako hakuna mafundi wa magari. Ni chombo gani cha kazi kitakachochukua nafasi ya difu?