Mtoto Akijitupa Chini

Ni saa kumi na mbili jioni pale Gatina, Kawangware. Mama ametoka kufua nguo Lavington, anampitia mwanawe wa miaka miwili na nusu kwa mama anayemlelea mchana. Anaambiwa mtoto ameshinda vizuri. Kabla hawajafika hata kwa mama mboga, mtoto anaona mandazi, ananyimwa, anajitupa chini na kugaragara akipiga mateke. Watu wanatazama. Mmoja anasema, "Huyo umemdekeza."

Hajadekezwa. Mtoto wa mwaka 1 hadi 4 ana hasira ya kweli, lakini breki zake bado zinaundwa. Sehemu ya ubongo inayotuzuia huendelea kukomaa hata baada ya miaka 20. Tena huyu ameshinda akijikaza katikati ya watoto wengi, na sasa amemwona mtu anayemwamini. Kinachomwagika hapo si mandazi peke yake. Ni uchovu, ni njaa, ni kumkosa mama yake.

Utasikia ushauri kwamba mtoto apelekwe chumba kingine atulie. Chumba kipi? Nyumba nyingi za Kibera, iwe Lindi au Gatwekera, ni chumba kimoja cha futi 10 kwa 10, na jirani anasikia kila kitu kupitia mabati. Hapa mtoto hupozwa na mtu aliyepoa.

Kwa hiyo anza na wewe. Shusha mabega, toa pumzi taratibu, kisha chuchumaa. Sema kwa sauti ya chini: "Umekasirika. Ulitaka mandazi, na nimekataa." Usihubiri, saa hiyo haingii. Akikubali, mkumbatie. Akikusukuma, kaa karibu na uondoe jiko na sufuria ya moto. Lakini kama ulisema hapana, ibaki hapana.

Siku akiwa na furaha, chezeni uji wa viganja: unganisha viganja vyake viwe kikombe, ajifanye ananusa uji, kisha aupulize polepole upoe. Akishauzoea mchezo huo, mkumbushe hasira inapoanza kupanda.

Usimtishe kwa sindano ya daktari. Siku ya homa utambeba kliniki akipiga nduru njia nzima. Na usimtikise kamwe, maana ubongo unaweza kuvuja damu.

Kuna anayelia hadi pumzi inakatika, midomo inabadilika rangi, anazirai kidogo. Mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni. Mara nyingi huzinduka mwenyewe, lakini mpeleke kliniki akapimwe, kwa kuwa huenda damu yake imepungukiwa na madini ya chuma. Akiendelea kulia huku akishika sikio au ana homa, huenda ni ugonjwa, si hasira.

Ukihisi mkono wako unapanda, mpe jirani au nyanya yake amshike, utoke mlangoni upunge hewa. Ukizidiwa, au ukisikia mtoto wa ploti yenu anaumizwa, piga simu 116, nambari ya kusaidia watoto. Ni bure, usiku na mchana.