Nguvu ya mfungaji hutoka wapi?

Seli za jani la muhogo hutumia mwanga wa jua, maji na hewa ukaa kutengeneza sukari, zikaiweka mzizini kama wanga. Ndio ugali wetu wa daku. Seli zetu huichoma sukari hiyo kwa oksijeni, tukapata nguvu za kubeba dagaa mwaloni Kirumba. Chakula kikiisha tumboni, ini hutoa sukari ya akiba, kisha mwili huchoma mafuta.

Lakini mwenye kisukari anayetumia insulini huweza kuishiwa sukari ghafla, na ubongo huitegemea mno. Akitetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa, afungue papo hapo kwa kitu kitamu. Akizimia, asinyweshwe kitu; akimbizwe hospitali. Suratul Baqara, aya ya 185, imempa mgonjwa ruhusa. Amwone mganga kabla ya Ramadhani.